Sungura aliyeng'atwa na mwenzake: kidonda kidogo kisikudanganye

Sungura wawili wakipigana, damu inayoonekana mara nyingi ni sehemu ndogo ya madhara, na mtu anayehangaika na sikio lililochanika anaweza kupitwa na tundu dogo chini ya manyoya ambalo ndilo litakalomtesa mnyama kwa wiki kadhaa. Ninafuga sungura nyumbani kwetu Tabata, si kwa ajili ya nyama, na nimewauguza baada ya ugomvi zaidi ya mara moja, wakiwemo ndugu wawili wa tumbo moja, Kijivu na Doa, waliokua pamoja kwa amani mpaka walipobalehe. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa kila mfugaji wa Dar es Salaam ayajue mapema, kwa sababu siku ya tukio huwa hakuna nafasi ya kuuliza.

Kwanza watenganishe, lakini usiingize mkono mtupu katikati yao. Meno ya mbele ya sungura huzama ndani ya nyama, na katika hasira ile hatambui hata mkono unaomlisha kila siku. Mimi hutupa taulo nzito juu yao, au husukuma kifuniko cha ndoo katikati, kisha humtoa mmoja akiwa amefunikwa. Mnyanyue kwa mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, umkumbatie kifuani. Desturi ya kumbeba sungura kwa masikio, ambayo bado naiona masokoni, ni ya hatari wakati wote na ni ya hatari zaidi kwa aliyejeruhiwa, kwa kuwa misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu kuliko uti wa mgongo unavyoweza kustahimili, na akirusha teke huku mwili ukining'inia anaweza kujivunja mgongo mwenyewe.

Kila mmoja apate sehemu yake yenye kivuli na utulivu, akiwa na majani na maji karibu. Damu ikiwa inatoka, bana mahali hapo kwa kitambaa safi kwa dakika tano mfululizo bila kufunua kuchungulia. Ukucha uliong'oka unaweza kuuzibia kwa wanga wa mahindi, ila wanga usiuweke kwenye jeraha la ngozi. Kama tumbo limechanika, jicho limeumizwa, anahema mdomo wazi, anaburuta miguu ya nyuma, au amelegea huku masikio yakiwa ya baridi, acha mengine yote na uende kwa daktari wa mifugo. Kama hakuna lolote kati ya hayo, mwache atulie kwa muda, kisha anza uchunguzi.

Uchunguzi huu ndio kazi yenyewe, na unahitaji watu wawili, meza iliyotandikwa taulo ili asiteleze, na mwanga wa kutosha. Mmoja amshike, mwingine apitishe vidole kinyume na uelekeo wa manyoya, akiyatenganisha hadi aione ngozi, polepole, kuanzia shingoni hadi mkiani. Pale manyoya yalipogandamana kwa unyevu uliokauka, kuna tundu. Tafuta zaidi mgongoni, kwenye makalio, ndani ya mapaja, kuzunguka sehemu za siri na korodani, kwa sababu madume hulengana huko, na usisahau tumbo, ambako kucha za miguu ya nyuma huchana. Yule anayeonekana ameshinda naye achunguzwe vivyo hivyo. Kijivu alitoka na sikio lililochanika lililotapakaza damu kila mahali, nalo lilipona bila shida yoyote. Jeraha lililotusumbua lilikuwa kitundu kwenye paja, ambacho hakikutoa damu ya kuonekana na ambacho tulikigundua kwa vidole, si kwa macho.

Punguza manyoya kuzunguka kidonda kwa mkasi wenye ncha butu, ukitanguliza kitana kati ya mkasi na ngozi, maana ngozi ya sungura ni nyembamba sana na hukatika pamoja na nywele. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, au kwa dawa ya povidoni ya ayodini iliyozimuliwa mpaka ibaki na rangi ya chai ya rangi hafifu. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huunguza nyama inayojaribu kupona, na majivu au kahawa ya unga, ambavyo bado vinashauriwa na wengi, huingiza uchafu ndani ya tundu. Usimwogeshe mwili mzima, kwa kuwa maji na hofu kwa pamoja vinaweza kumzimisha. Sipendi pia dawa ya zambarau na ile ya bluu ya kupulizia inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, kwa sababu ya kawaida tu: zinapaka rangi mahali pote, na kesho yake huwezi kujua kama wekundu umeongezeka. Krimu za binadamu za kutibu vipele nyingi zina steroidi, ambayo hudhoofisha kinga ya ngozi, na sungura atailamba. Matone ya macho yenye steroidi nayo yanaweza kuharibu kabisa jicho lililokwaruzwa. Tundu la jino usilizibe wala kulifunga bandeji. Liache wazi ili uchafu utoke.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliandikia kwa uchungu, nalo ni dawa za kumeza. Siku ile nilipoingia kwenye duka la dawa kutafuta povidoni, kijana aliyekuwa akiuza alinisikiliza kwa wema kabisa, kisha akasema, “Dada, mpe amoksilini ya maji ya watoto, robo kijiko tu, atapona.” Ushauri huo unaweza kuua. Sungura humeng'enya majani kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye utumbo wake mpana, na amoksilini, ampisilini, penisilini, klindamisini na linkomisini zikimezwa huwaua wale wenye manufaa na kuacha jamii ya Clostridium itawale na kumwaga sumu, hivyo mnyama huharisha na kufa ndani ya siku chache huku kidonda chake kikiwa kinaelekea kupona. Penisilini hiyohiyo daktari anaweza kuitumia kwa sindano, kwa sababu njia ya kuingia mwilini inabadilisha hatari. Dawa za kumeza ambazo madaktari huwapa sungura kwa kawaida ni enrofloksasini, au mchanganyiko wa salfa na trimethoprimu, kwa kipimo kinachofuata uzito wake. Usimpe antibayotiki yoyote kwa kukisia.

Kinachofuata ni kuchunguza choo chake, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Sungura ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo huficha maumivu, na anachokionyesha mwili wake ni kuacha kula. Utumbo wake lazima uwe unasukuma chakula muda wote. Ukisimama, gesi hujaa, maumivu huongezeka, na maumivu hayo humfanya azidi kukataa chakula. Hawezi kutapika. Sungura asiyekula wala kupata choo kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, hata kama kidonda chake ni kidogo namna gani, na nimesikia wafugaji wengi wakisema sungura wao alikufa kwa mshtuko wakati simulizi yao yenyewe inaonyesha kuwa alikaa siku mbili bila kula. Tandika kitambaa cheupe chini yake ili uone idadi na ukubwa wa punje za kinyesi. Zikiwa ndogo, kavu na chache, tayari unalo onyo. Dalili nyingine ni kujikunyata, macho nusu yamefumba, na kusaga meno kwa sauti kubwa, tofauti na msagiko mwepesi anaoufanya akipapaswa akiwa na raha.

Mpe majani anayoyapenda zaidi na uyaweke mbele ya pua yake: ukoka mbichi, matembele, mchicha kidogo, hata giligilani, kwa kuwa harufu yake huamsha hamu. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi, usimpe. Akikataa, chakula chake cha punje kilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu hadi kiwe uji, umpe kwa bomba lisilo na sindano, ukiliingiza pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo, ukisubiri ameze, naye akiwa amekaa na si amelazwa chali. Ila kama tumbo limevimba na kuwa gumu, usimlazimishe kula hadi daktari amguse. Dawa ya maumivu ni sehemu ya tiba ya tumbo, kwa kuwa mnyama anayeumia hali chakula. Madaktari wengi hutumia meloksikamu, nayo pia ihesabiwe kwa uzito.

Mji wetu una joto, unyevu na nzi, na hilo hubadilisha namna ya kuuguza. Nzi hutaga kwenye kidonda au kwenye manyoya yaliyolowa mkojo, na mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Funza hao hula nyama hai. Sungura aliyeumia mgongo au paja huenda asiweze kujipinda kula kile choo laini ambacho kwa kawaida hukila mwenyewe, hivyo kinamgandia nyuma na kuwaita nzi. Mhamishie ndani ya nyumba, kwenye dirisha lenye wavu, umkague nyuma asubuhi na jioni. Vitambaa vyake ukivianika nje, vipige pasi pande zote mbili kama unavyofanya nguo za mtoto mchanga, kwa ajili ya yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi. Kuna pia kunguru, ambao kila mkazi wa Dar es Salaam anawajua, na hawaoni haya kudonoa kidonda cha mnyama aliye wazi, na panya wanaoingia bandani usiku. Kama aliyemng'ata ni paka badala ya sungura mwenzake, usisubiri kuona kitakachotokea: mdomo wa paka hubeba bakteria aitwaye Pasteurella multocida, na dawa inatakiwa siku hiyohiyo.

Hata ukifanya yote hayo, jipu linaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, au hata wiki mbili, likiwa uvimbe mgumu chini ya ngozi iliyokwisha kufunga. Pitisha vidole kila siku mahali palipong'atwa. Usaha wa sungura ni mzito na hautiririki, nao hujengewa ukuta mgumu kuuzunguka, ndiyo maana kulitoboa na kulikamua nyumbani hakufanikiwi na humwongezea mateso. Jipu la Kijivu liliondolewa kwa upasuaji, pamoja na ukuta wake, kisha tundu likasafishwa kila siku hadi likajaa nyama kutoka ndani. Kama maambukizi hayaisikii dawa, daktari anaweza kupeleka sampuli maabara, kwa mfano kwenye maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari iliyopo Temeke, na ni vyema sampuli ichukuliwe kwenye ukuta wa jipu, kwa kuwa usaha wa katikati mara nyingi hauna bakteria walio hai.

Madaktari wengi wa mifugo hapa mjini wamezoea mbwa, kuku na ng'ombe, kwa hiyo piga simu kabla, uulize kama wamewahi kutibu sungura na wangempa antibayotiki gani. Anayekutajia amoksilini ya kumeza, mshukuru kwa heshima na utafute mwingine. Njiani mweke kwenye boksi lenye matundu mengi, si kwenye mfuko wa plastiki, na katika miezi ya Desemba hadi Machi ondoka alfajiri au jioni, kwa sababu foleni ya mchana ndani ya bajaji inaweza kumuua kwa joto kabla ya kidonda kufanya hivyo. Chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa upande mmoja wa boksi, humsaidia sana. Usimfungishe kula kabla ya upasuaji. Sungura hapaswi kukaa na njaa kama mbwa anavyotakiwa.

Kuhusu kuwarudisha pamoja, sina haraka, na sishauri mtu awe nayo. Madume wawili ambao hawajahasiwa, waliokwisha kupigana hadi kutoana damu, watapigana tena, hata kama ni ndugu. Wangu wanaishi kwenye vizimba viwili vyenye nafasi ya kutosha kati yake ili wasing'atane pua wala vidole kupitia wavu. Anayetaka waishi pamoja awahasi wote wawili, asubiri vidonda vipone kabisa na homoni zishuke, jambo linalochukua wiki kadhaa, kisha awakutanishe mahali ambapo hakuna aliyewahi kuishi, kwa muda mfupi, huku taulo likiwa mkononi. Majike nao hupigania eneo, hasa mgeni anapoletwa kwenye banda la mwenyeji. Na ukichagua kumweka dume na jike, kumbuka kwamba dume anaweza kutungisha mimba hadi wiki nne au sita baada ya kuhasiwa, kwa hiyo asikutane na jike ambaye hajafungwa kizazi kabla ya muda huo kupita.