Vipodozi vya Milima ya Andes: ya kujua kabla hujachanganya chochote

Ukitafuta malighafi za vipodozi vya Milima ya Andes ya Amerika Kusini mtandaoni utakutana na bidhaa chungu nzima zenye maneno "siri ya Wainka". Nyingi hazitoki milimani. Sacha inchi ni mmea unaotambaa katika misitu ya Amazon iliyo chini ya milima hiyo, hata kama chupa ya mafuta yake ina picha ya mwanamke wa Cusco mwenye kofia. Zeri ya Peru, utomvu wa mti wenye harufu nzuri, nayo haitoki Peru. Hugemwa El Salvador, na ilipata jina hilo kwa sababu enzi za Wahispania ilisafirishwa kupitia bandari ya Callao iliyoko Peru. Tena ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana zaidi kwa kuleta mzio wa ngozi, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku zeri hiyo ghafi katika vipodozi. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, uliza kimeota wapi na nani hasa wanakitumia.

Jambo tunalotaka ulishike mapema ni hili: ujuzi wa Wakechua na Waaymara, wenyeji wa Andes, haumo ndani ya jina la mmea. Umo katika namna ya kuushughulikia: kusugua, kuosha, kukausha, kuongeza asidi au jivu kwa wakati wake. Ukinunua unga na kuuchanganya tu na krimu, umenunua jina. Maka ni mfano mzuri. Wakulima wa nyanda za Junín, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, huukausha mzizi huo kwa jua na baridi kali, kisha huupika. Kwao ni chakula. Unga wake ndani ya krimu yenye maji ni wanga na sukari, yaani chakula cha bakteria.

Anza na kinoa, punje ndogo za chakula za Andes, maana ni rahisi na inafundisha mengi. Punje yake imevikwa saponini, kemikali chungu yenye povu inayoukinga mmea dhidi ya ndege na wadudu. Katika nyanda za juu za Peru na Bolivia kinoa haipikwi kabla haijasuguliwa na kuoshwa hadi povu liishe, na maji yale yenye povu yametumika kufulia nguo na kuoshea nywele. Ili ulione hilo mwenyewe, chukua gramu 100 za kinoa isiyooshwa, mimina nusu lita ya maji ya uvuguvugu, sugua punje kwa viganja kwa dakika tano, kisha chuja kwa kitambaa cha pamba. Povu likitokea na kubaki, una maji ya kuoshea nywele.

Yasipotoa povu, sababu huwa mojawapo ya hizi mbili. Kinoa ya supermaketi kwa kawaida imeshakobolewa au kuoshwa kiwandani, hivyo saponini imeondoka; tafuta ile chungu, iulize kwa jina hilo. Ya pili ni joto: ukitumia maji yanayochemka, wanga hutoka na unapata uji unaogandamana kwenye nywele. Maji ya povu yanawasha macho sana, basi inamisha kichwa nyuma unapoosha. Yatumie siku ileile. Yakilala mezani hadi kesho yake yatanuka, na hapo yamwage. Wafumaji wa Chinchero, karibu na Cusco, wana chao cha kuoshea sufu: mzizi uitwao saqta, wanaoukuna ndani ya maji hadi bakuli lijae povu jeupe. Huo hutaupata kwetu, na hakuna haja ya kuutafuta.

Sasa tuje kwenye rangi, sehemu inayowapendeza wengi na kuwaharibia kazi wengi vilevile. Kochinili ni mdudu mdogo (Dactylopius coccus) anayeishi juu ya mpungate, ile dungusi yenye majani mapana kama sahani. Peru ndiyo mzalishaji mkubwa duniani, na nguo za Andes za kale zilitiwa rangi yake karne nyingi kabla ya Wahispania kufika. Mfumaji akikuonyesha, humponda mdudu mkavu kiganjani hadi damu nzito ya zambarau itokee, akakamulia ndimu, na rangi inageuka nyekundu ya machungwa palepale. Akiongeza jivu inarudi zambarau. Fanya jaribio hilo kwenye vikombe vitatu: gramu 1 ya wadudu waliosagwa katika mililita 100 za maji moto, gawa sawa, kimoja tia ndimu, kimoja magadi ya kuokea kijiko cha chai nusu, kimoja kiache. Utaelewa kwa macho kwa nini rangi ya asili haitulii pH (kipimo cha uasidi) isipotulia.

Kosa la wanaoanza ni kumwaga maji hayo ndani ya mafuta ya midomo. Asidi ya karmini, ndiyo rangi ya kochinili, huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Itajitenga matone matone na kuoza. Kwa midomo unahitaji karmini, yaani rangi iliyofungwa kwenye alumini na kalsiamu ikawa unga usioyeyuka. Inuliwe ya daraja la vipodozi, yenye namba ya rangi CI 75470, na iliyopasteurishwa, yaani iliyotiwa joto kuua vijidudu, kwa sababu karmini ghafi imewahi kubeba vimelea vya Salmonella.

Kipimo cha gramu 20 za mafuta ya midomo ya rangi: nta ya nyuki 4, mafuta ya nyonyo 9, siagi ya shea 6.2, karmini 0.6, vitamini E 0.2. Mizani iwe ya kusoma 0.01, ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai. Toa gramu 1.8 kwenye yale mafuta ya nyonyo, yasage pamoja na karmini juu ya kioo kwa kisu bapa. Sambaza safu nyembamba na uitazame dhidi ya mwanga: ukiona nukta, endelea kusaga, kwa kuwa nukta hizo zitatokea kama michirizi mdomoni. Yeyusha nta na mafuta yaliyobaki ndani ya bakuli juu ya maji ya moto, karibu nyuzi 70, kisha tia shea na uji wa rangi. Ondoa motoni, tia vitamini E, koroga mpaka mchanganyiko uanze kuwa mzito ndipo umimine. Ukimimina ungali mwepesi, rangi itazama chini ya kopo. Ukiacha upoe polepole mno, shea itafanya chembechembe kama mchanga. Weka makopo kwenye friji dakika 15.

Kwenye lebo andika karmini waziwazi. Inatoka kwa mdudu: wapo wasiotumia kitu cha mnyama, wapo Waislamu wanaofuata rai inayokataza wadudu, na wapo wachache wenye mzio mkali unaoweza kubana pumzi. Marekani iliifanya kuitaja kuwa sharti la sheria kuanzia 2011. Hata pasipo sheria, mnunuzi ana haki ya kujua anachopaka mdomoni.

Wasomaji wa Kenya watauliza kuhusu Laikipia, ambako mipungate imejaa utando mweupe wa pamba. Ule ni kochinili wa spishi nyingine, Dactylopius opuntiae, aliyeletwa makusudi kuua mpungate uliovamia malisho. Akipondwa hutoa wekundu, lakini rangi yake ni kidogo na haijasafishwa. Tumia kujifunzia kwenye kitambaa, si mdomoni. Wala usimhamishie shamba la mtu anayelima mpungate kwa matunda.

Muña, mmea wa jamii ya mnanaa, huwekwa katikati ya viazi ghalani ili kufukuza wadudu, na chai yake hunywewa kwa tumbo. Wengi huagiza mafuta yake yaliyokenekwa bila kujua kwamba yana pulegoni, ambayo kwa wingi hudhuru ini. Usiyaweke kwenye bidhaa ya mtoto wala ya mjamzito. Majani makavu yaliyolowekwa ndani ya mafuta ni laini zaidi kwa ngozi: sehemu 1 ya majani kwa 10 za mafuta, chombo kikiwa ndani ya maji ya nyuzi 60 kwa saa mbili, kisha chuja. Jani livunjike kwa sauti kabla halijaingia. Likiwa na unyevu, chupa itaota ukungu ndani ya wiki chache. Ukitumia mnanaa wa bustanini, fanya hivyo bila wasiwasi, ila usiuite muña.

Chumvi ya Maras, karibu na Cusco, inayokaushwa kwenye maelfu ya vidimbwi mlimani kutoka chemchemi moja ya maji chumvi, inafaa kwa skrabu ya miguu: gramu 100 za chembe ndogo kwa 40 za mafuta. Si kwa uso, na si baada ya kunyoa. Mtu asikudanganye kwamba magadi ya Ziwa Magadi yanaweza kushika nafasi yake. Yale ni kabonati, yana pH ya juu na huunguza ngozi.

Chochote chenye maji kinahitaji kihifadhi, hata kama mteja anataka "asili tupu". Vitamini E si kihifadhi; inachelewesha mafuta kuchacha tu. Fenoksiethanoli, kwa mfano, Ulaya inaruhusu isizidi asilimia 1. Na kila bidhaa mpya ijaribiwe ndani ya kiwiko kwa saa 48 kabla ya kuuzwa.

Majani ya koka yasiingie kwenye orodha yako kabisa. Peru na Bolivia ni halali kuyatafuna na kuyatolea sadaka kwa Pachamama (Mama Dunia), lakini Mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya unayadhibiti, na forodhani hutaeleweka ukisema ni ya krimu.

Mwisho, suala la haki. Mwaka 2001 kampuni ya Marekani ilipata hataza juu ya dondoo la maka, na Peru ikapinga kwa nguvu. Mwaka uliofuata Peru ilitunga Sheria 27811 inayolinda maarifa ya pamoja ya wenyeji: anayetaka kuyafanyia biashara aombe ridhaa ya jamii husika na alipe sehemu ya mauzo. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za mimea na viumbe na maarifa yake, inayofanya kazi tangu 2014, inagusa nchi nyingi zikiwemo Kenya na Uganda. Kwa fundi mdogo hilo lina maana ya kutunza risiti na jina la ushirika uliokuuzia. Usiandike "Kikechua" kwenye kopo ambalo hakuna Mkechua aliyelipwa kwa lolote lililomo, na peleka sampuli kwa shirika la viwango, TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya), ukiwa na orodha ya viungo kwa asilimia, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi ya kwanza watakayokuuliza.