Anayeimba wimbo mkuu wa Princess Mononoke si mwanamke

Ndugu, umeuliza yule dada anayeimba wimbo mkuu wa Princess Mononoke, ile filamu ya katuni ya Kijapani, ni nani, na kwa nini albamu za muziki wake ziko tatu. Huyo ni mwanamume, Yoshikazu Mera. Amefunzwa kuimba kwa sauti ya juu kabisa, ile tuliyozoea kuisikia kwa wanawake. Vaa spika za masikioni umsikilize tena: chini ya ule wepesi kuna kifua cha mwanamume, na hapo ndipo mwili unaponisisimka kila mara.

Albamu tatu ni utaratibu wa mtunzi, Joe Hisaishi. Huanza na albamu ya taswira, anayoitunga kutokana na mawazo ya mwongozaji, Hayao Miyazaki, filamu ikiwa bado haijakamilika. Hiyo ilitoka 1996. Ya filamu yenyewe ikaja 1997, na 1998 akaurekodi upya muziki huo na okestra ya Czech Philharmonic.

Anza na ya 1997. Inafungua kwa ngoma nzito, halafu fidla zinapanda polepole kama ukungu msituni. Ukishaizoea, ndipo uende kwenye ya 1998.