Damu imerudi ghafla baada ya operesheni ya uzazi, asafishwe?

Swali: Shikamoo dokta. Mke wangu kajifungua kwa operesheni, leo siku ya 16. Damu ilishakata, jana usiku ikamwagika nyingi na mabonge halafu ikaacha yenyewe. Hospitali wanasema ni mabaki, wanataka kumsafisha kizazi. Tukubali?

Jibu: Marahaba, poleni sana. Mabaki ya kondo la nyuma na maambukizi ndo sababu za kawaida, sikatai, ila mtu wa operesheni ambaye damu inafunguka kama bomba halafu inajikatia yenyewe mi huwa naomba asikwanguliwe kwanza mpaka apigwe ultrasaundi ya dopla, ile inayoonesha damu inavyotembea. Ateri (mshipa unaopeleka damu) inayolisha kizazi inapanda ubavuni mwake, karibu kabisa na pale panapopasuliwa, sasa mpasuko ukichanika kuelekea pembeni au sindano ya kushonea ikiigusa, ukuta wake unatoboka na damu inajitengenezea kifuko kinachodunda na mapigo ya moyo. Bonge likiziba anakaa vizuri siku kadhaa, likiachia ndo hayo ya jana.

Ultrasaundi ya kawaida inaonesha kiduara cheusi tu, mtu anaweza kudhani ni maji. Washa rangi ya dopla, unaona nyekundu na bluu zinazungukana humo ndani. Ukipitisha chuma cha kusafishia hapo unaweza kukipasua hicho kifuko, na hiyo damu si ya kuzuia kwa pamba.

Ikionekana hivyo (CT ya mishipa, yaani picha ya mishipa ya damu kwa mashine, inasaidia, kama hali yake imetulia) tiba ninayoipenda ni kuziba mshipa kwa ndani: katheta, yaani mrija mwembamba, inaingizwa kwenye ateri ya kinenani au mkononi, wanaifuatilia kwa eksirei mpaka ilipo shida, wanaziba kwa koili (vijiwaya vilivyojikunja), gundi au vipande vya jelatini. Tumbo halifunguliwi tena na kizazi kinabaki. Wakati mwingine wanaangalia na ateri ya upande wa pili wa kizazi maana damu yake huvuka ng'ambo. Pasipo na huduma hiyo ni kufungua tumbo na kuifunga ateri, ikishindikana kutoa kizazi.

Dopla ikiwa safi na mabaki yapo kweli, wamsafishe tu, tena wakiangalia kwa ultrasaundi.

Ila msirudi nyumbani eti damu imekata, abaki wodini, wapime wingi wa damu na grupu, damu ya kuongezewa iwe tayari. Akianza kulowesha pedi nzima ndani ya saa, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, jasho la baridi, hapo hakuna kusubiri kipimo, dripu na damu vianze na aingie theta.