Kuomba Fedha za Jiji kwa Tukio la Televisheni: Ushauri kwa Waandaaji Wapya wa Nyanda za Juu Kusini

Vijana wanaoanza kazi ya kuandaa matamasha, mbio na mashindano Mbeya au Iringa huuliza kwanza ni nani katika halmashauri mwenye uwezo wa kukubali ombi lao la fedha kwa tukio litakaloonyeshwa kwenye televisheni. Swali la kutangulia ni jingine: fedha hiyo itatoka katika kifungu gani, na cha mwaka upi? Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, lakini maandalizi ya bajeti yake hutangulia kwa miezi mingi. Idara huanza kuandika mapendekezo yao yapata Novemba, Baraza la Madiwani hupitisha makisio mwanzoni mwa mwaka, kisha makabrasha hupanda mkoani, TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa) na hatimaye bungeni Dodoma, ambako Bunge la bajeti huanza Aprili. Kwa hiyo anayebisha hodi mwezi Mei akiomba fedha za tamasha la Agosti, hata akipokelewa kwa heshima zote, anaomba kitu ambacho tayari kimegawanywa. Linalobaki ni uhamisho wa fedha kutoka kifungu kingine, na hakuna mkuu wa idara anayependa kupunguziwa fungu lake kwa ajili ya jambo ambalo hakushirikishwa tangu mwanzo.

Nenda mapema, basi, kwa maafisa wa utamaduni, michezo na utalii. Barua huelekezwa kwa Mkurugenzi, lakini hao ndio watakaoulizwa maoni yao, na ndio wanaoweza kuliweka tukio lako ndani ya mpango wa idara. Usiichanganye ofisi ya mkoa na halmashauri: baraka za mkoa zina uzito mkubwa, ila mapato ya ndani ya jiji yako chini ya Baraza la Madiwani, na ombi lisilopita Kamati ya Fedha halitalipwa kwa sababu tu limesifiwa jukwaani.

Hoja ya utalii ndiyo inayoamua mengi, nayo kwa Mbeya ina ugumu wake. Vivutio tunavyovitaja kwa fahari haviko ndani ya mipaka ya jiji. Hifadhi ya Kitulo, maarufu kwa maua yake, imetanda zaidi upande wa Makete, mkoani Njombe. Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu viko Rungwe. Fukwe za Matema ziko Kyela. Kimondo cha Mbozi kiko mkoani Songwe. Diwani makini atakuuliza kwa nini kodi ya mfanyabiashara wa soko la Mwanjelwa jijini itumike kutangaza maua ya Makete, na ana haki kamili ya kuuliza hivyo. Usimjibu kwa maneno ya jumla kuhusu kukuza utalii. Mjibu kwamba mgeni anayeshuka Uwanja wa Ndege wa Songwe, au anayefika kwa basi au kwa treni ya TAZARA, kwa kawaida hulala na kula mjini kabla ya kuelekea huko, na mjini ndiko anakokodi gari. Kisha mwonyeshe kwa hesabu: nyumba za kulala wageni zilizo tayari kushiriki, idadi ya vitanda vyao, bei zao, na vitanda vinavyobaki wazi katika juma unalolipendekeza. Taarifa hizo zikusanye mwenyewe kwa kutembea mlango kwa mlango na daftari, maana wenye nyumba hizo wakiwa wamekwisha kukubali kwa maandishi, diwani anaona wapiga kura wake ndani ya andiko lako. Iringa hoja ni hiyo hiyo, kwa kuwa Hifadhi ya Ruaha iko mbali na Manispaa, ingawa Isimila na makumbusho ya Kalenga viko karibu kiasi cha kumfanya mgeni aongeze siku moja.

Kwa sababu hiyo hiyo, usipange tukio lako katika siku za Nane Nane. Mwanzoni mwa Agosti maonyesho ya viwanja vya John Mwakangale huleta umati jijini, na nyumba nyingi hujaa bila msaada wako. Hutaweza kuthibitisha kwamba hata mgeni mmoja alifuata tukio lako.

Sasa televisheni yenyewe. Waandaaji wengi huandika kwamba tukio litarushwa mubashara, wakiwa wamezungumza tu na mtangazaji wanayefahamiana naye. Halmashauri haipaswi kutoa fedha kwa ahadi ya namna hiyo, nami naomba ninyi waandaaji msitoe ahadi hiyo. Pata barua ya kituo chenyewe inayotaja siku, saa, muda wa matangazo, kama ni mubashara au yaliyorekodiwa, marudio, na nani atalipia gari la matangazo, jenereta na malazi ya mafundi wake. Kama tukio lako linahusisha mechi, fahamu kwamba haki za kuonyesha Ligi Kuu ziko kwa Azam, na mwandaaji wa Mbeya hawezi kuzigawa. Zaidi ya yote, kubalianeni kuhusu umiliki wa picha. Matangazo ya saa mbili hupita jioni moja, bali picha za Mlima Loleza na za safu ya Uporoto zikiruhusiwa kutumiwa na jiji kwa miaka inayofuata, zinakuwa mali ambayo afisa utalii anaweza kuionyesha katika kila maonyesho. Kigali ilipoandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika Afrika, watazamaji walikuwa wanautazama mji na vilima vyake kwa saa nyingi kila siku. Mandhari yenyewe ilikuwa sehemu ya mashindano. Nasi tunavyo vilima. Andiko lionyeshe kamera zitapita wapi na zitaona nini, na kama droni itarushwa, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kitajwe kabisa. Kupiga picha ndani ya Kitulo au Ruaha kunahitaji kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, nacho kina malipo yake.

Majira nayo yana mvutano wake. Maua ya Kitulo huchanua kati ya Desemba na Aprili, wakati mvua zinapoharibu barabara na kulemea mitambo. Kiangazi ni rahisi kwa matangazo, lakini sehemu yake kubwa huangukia robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, makusanyo yakiwa ndiyo kwanza yanaanza. Mimi hupendelea mwishoni mwa Septemba au Oktoba, na picha za maua hurekodiwa mapema zikaingizwa katikati ya matangazo.

Katika kuomba, tenganisha fedha taslimu na huduma. Jiji linaweza kukubali kwa wepesi zaidi kutoa usafi, uzoaji wa taka, ukumbi wake na matangazo ya gari la kipaza sauti mitaani, kuliko mamilioni ya shilingi. Ila uliombe kile kilicho chake. Uwanja wa Sokoine, kama ule wa Samora wa Iringa, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Barabara kuu ya kwenda Zambia iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na nyingi za mitaa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na kuzifunga kwa ajili ya mbio kunahitaji pia Jeshi la Polisi. Barua za wenye mali hao ziambatane na andiko tangu siku ya kwanza.

Halmashauri ikikubali, tarajia kwamba sehemu kubwa ya mchango wake itapitia manunuzi ya umma kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, wala haitawekwa mkononi mwako. Taasisi yako iwe imesajiliwa, ina namba ya mlipakodi na akaunti ya benki kwa jina lake. Tunza kila risiti, kwa kuwa hesabu hizo hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na afisa aliyekuamini ndiye atakayeulizwa kwanza.

Tukio likiisha, rudi kwenye zile nyumba za wageni na daftari lile lile, uandike vitanda vilivyolaliwa juma hilo na juma lililotangulia. Takwimu hizo, pamoja na nakala ya picha, zifike kwa Mkurugenzi na kwa kila diwani wa Kamati ya Fedha kabla idara hazijaanza kuandika mapendekezo ya Novemba.