Saffron Walden: mji uliobeba jina la zafarani

Makala yangu kuhusu Saffron Walden, mji mdogo wa gulio katika jimbo la Essex nchini Uingereza, imeniletea maswali mengi. Nayajibu machache.

Zafarani hii hii ya biriani ililimwa kwenye baridi ile?

Ndiyo, tena kwa wingi, hasa karne ya 16 na ya 17. Awali mji uliitwa Chipping Walden, na "chipping" ni neno la kale lenye maana ya soko. Zafarani ikaliondoa soko kwenye jina! Ua lake ni la zambarau, huchanua majira ya vuli, na ndani mna nyuzi tatu tu nyekundu. Watu walidamkia shambani, wakachuma maua kwa mkono, kisha wakaketi kuchomoa nyuzi hizo na kutupa petali. Gramu moja hutaka maua kama 150. Tangu nilipolijua hilo, kila nikiloweka zafarani kwenye maziwa naitia kwa heshima. Wanunuzi walikuwa wapishi, waganga na watia rangi nguo. Kufikia karne ya 18 kilimo hicho kilikuwa kimefifia, lakini ua lenyewe bado lipo, limechongwa kwenye jiwe ndani ya kanisa la St Mary.

Gulio lenyewe lipo hadi leo?

Lipo, kila Jumanne na Jumamosi, katikati ya mji. Mwaka 1141 Matilda (Empress Matilda), aliyekuwa akigombea kiti cha enzi cha Uingereza, alimpa Geoffrey de Mandeville, bwana wa ngome ya Walden, ruhusa ya kulihamishia hapo soko la Newport, kijiji jirani. Haikuwa zawadi ndogo, maana mwenye soko ndiye aliyetoza ushuru. Kwangu mimi, huu ndio urithi mkubwa wa mji ule. Ngome imebaki gofu, ilhali wachuuzi wanapanga meza zao mpaka leo.

Umesema kuta za nyumba za mji huo zina picha. Zimechorwa?

Hazikuchorwa, zimefinyangwa. Nyumba za zamani huko zina fremu za mbao, na juu yake hupakwa lipu ya chokaa, mchanga na manyoya ya wanyama. Ikiwa bado mbichi, fundi huifinyanga maua, ndege au watu. Aliyewahi kuona nakshi za chokaa za Lamu atauelewa mara moja ufundi huu. Itazame Old Sun Inn, iliyokuwa nyumba ya wageni, yenye tarehe 1676 ukutani: juu ya lango lake wamesimama watu wawili wenye silaha, ambao wenyeji husema ni Tom Hickathrift, shujaa wa ngano za Kiingereza, na jitu la Wisbech alilopigana nalo.

Kuna cha kuwafurahisha watoto?

Wapeleke kwenye mzingile uliochimbwa kwenye nyasi za uwanja wa mji. Njia yake inazunguka kama kilomita moja na nusu.

Nitafikaje?

Panda treni London Liverpool Street, ushuke Audley End. Kituo kiko nje ya mji, kama kilomita tatu, kwa hiyo utahitaji basi au miguu yenye nguvu. Nenda Jumamosi asubuhi, meza zikiwa zimejaa.