Kutoka na familia msimu wa mapukutiko: jua ndilo linalopanga ratiba

Mkuu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili nisije nikajibu jingine. Mko 9, wanne ni watoto, mmoja ni mama mkwe mwenye goti linalomsumbua, na pamoja na marafiki mnataka mtoke siku mbili mwishoni mwa mwezi wa 10, mkaone majani yanavyobadilika rangi na mlale huko huko. Unauliza mpange vipi na mbebe nini. Wengi wameshakujibu ya kubeba. Mimi naanza na saa, maana saa ndiyo iliyonipa adabu.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Nikisema mapukutiko nina maana ya majira ya majani kupukutika, yale yanayokuja kati ya kiangazi na baridi huko kaskazini. Wengine huyaita vuli, lakini kwa wengi wetu vuli ni mvua, nisije nikamtoa mtu na mwamvuli tu.

Miaka kadhaa nyuma tulitoka watu 7: mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, rafiki yangu na mkewe, na binti yao wa miaka 5. Njia yenyewe ilikuwa ya mzunguko, kilomita 9, inapita kando ya ziwa kisha inapanda kilima kwa karibu mita 300. Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na usiku wa kuamkia siku hiyo saa zilikuwa zimerudishwa nyuma kwa saa moja, kama nchi nyingi za huko zifanyavyo kila mwaka kiangazi kikiisha. Hilo nililijua, simu ilijirekebisha yenyewe na nikafurahia saa moja zaidi ya kulala. Kitu ambacho hakikuniingia akilini ni kwamba jua lililozama saa 12 kasoro robo jana yake, siku hiyo lingezama saa 11 kasoro robo.

Tulianza kutembea saa 7 na nusu mchana. Mnajua wenyewe: mmoja anatafuta glavu, mwingine anataka chooni, gari la pili limepotea njia. Kichwani nilikuwa na hesabu ya William Naismith, yule mpanda milima wa Scotland aliyeiweka mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Nikapata saa mbili na dakika kama 20. Nikajiona fundi. Naismith alikuwa akiwahesabia watu wazima wenye pumzi, hakuwa na mtoto wa miaka 5 anayesimama kuokota kila jani jekundu.

Kwenye kilomita ya 6 yule binti akakaa juu ya mzizi akasema hatembei tena. Baba yake akapiga goti, akafungua kiatu, maji yakamwagika. Soksi ilikuwa imelowa chapachapa na vidole vimekuwa vyeupe, vimekunjamana. Soksi ya akiba hakuna. Akavua kofia yake ya sufi kichwani, akamvisha mtoto mguuni, akaubana mguu na kofia yake ndani ya kiatu, akafunga kamba. Tukaendelea, kichwa chake kinatoa mvuke.

Giza lilitukuta kilomita moja na kitu kabla ya magari. Chini ya miti giza huingia mapema, na msimu huu kuna jambo jingine ambalo kiangazi hulioni: majani yamefunika kila kitu, njia na msitu vimekuwa zulia moja. Simu yangu ilikuwa na asilimia 9, ikazima. Betri za simu hudhoofika kwenye baridi, asilimia inayoonekana pale si ya kuamini. Tukabaki na mwanga wa simu ya mke wangu. Tulitembea kama mita 200 kabla hajauliza alama ya mwisho ya njia kwenye mti tumeiona wapi. Hakuna aliyejua. Tukageuka, tukarudi hadi kwenye alama, watoto wakasimama pale na watu wazima wawili, mimi nikawa natangulia hatua chache kutafuta alama inayofuata bila kupotea machoni pao. Tulifika magarini saa 12 kasoro robo. Jumla ni saa nne na robo. Hakuna aliyeumia, ila nyumbani nilisemwa, na kwa haki.

Sasa hesabu yenu. Kuanzia tarehe 22 au 23 Septemba, usiku na mchana vikishakaribia kulingana, mchana unapungua mbio. Kwenye latitudo ya 50 kaskazini hivi, mfano kusini kabisa mwa Uingereza, unapoteza kati ya dakika 3 na 4 kila siku, yaani karibu dakika 25 kwa wiki. Kwa hiyo jamaa aliyekwenda mwanzoni mwa Oktoba akakwambia walirudi saa 12 jioni na mwanga bado upo, taarifa yake kwako imeshachacha. Ulaya saa hurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sehemu kubwa ya Marekani na Kanada ni Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wikendi yenu ikiangukia hapo, tazama saa ya jua kuzama ya siku yenyewe, usikisie.

Kwa kundi lenye watoto wadogo mimi huhesabu kilomita 2 kwa saa, vituo vyote ndani yake, na nimekuwa sikosei sana. Halafu naweka saa ya kugeuza. Jua likizama saa 11 kasoro robo, nataka kuwa garini saa 10 kasoro robo. Mkianza saa 4 na nusu asubuhi, basi saa 7 kamili mnageuza, popote mlipo, hata kama kilele mnakiona. Watangazieni wote asubuhi kabla ya kuondoka, maana ikifika saa 7 lazima atokee mmoja aseme "kona moja tu ile pale". Kwetu huwa ni mimi.

Hii ndiyo sababu nakushauri uachane na njia za mzunguko. Mzunguko ukishavuka nusu yake hauna njia ya mkato, umefungwa. Njia ya kwenda na kurudi mnaikatisha mkitaka, na wakati wa kurudi mnaijua. Kilomita 5 au 6 jumla zinawatosha kabisa. Mtoto hatakuja kukumbuka urefu, atakumbuka daraja na kijito alichorushia mawe.

Mama mkwe. Usimwulize "mama, utaweza?" Atakwambia ataweza. Mwulize mwenzi wako, yeye ndiye anayejua goti la mama yake likoje usiku baada ya shughuli. Na ujue goti bovu huteseka zaidi kwenye kushuka kuliko kupanda, kwa hiyo mwinuko unaokuja mwisho wa safari kwake ni nafuu kuliko mteremko mrefu wa mwisho. Fimbo mbili za kutembelea humsaidia sana. Kilichotufaa sisi tulipotoka na mzee ni kuchagua mahali penye njia mbili zinazoanzia pamoja: moja ya kupanda, nyingine tambarare kando ya maji yenye benchi. Mtu mzima mmoja anabaki naye, tena abaki kwa kupenda mwenyewe. Kumwacha mzee garini saa tatu anaangalia kioo kikiingia ukungu si kutoka na familia huko.

Kuhusu majani yenyewe, usiyawekee miadi. Njano ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa na klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, na klorofili ikivunjika ndipo inaonekana. Wekundu ni hadithi nyingine: miti mingi huutengeneza wakati huo huo wa mwisho, na hukolea mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na ubaridi usiofikia kuganda. Mwaka wenye mawingu mfululizo, wekundu hufifia. Na upepo wa usiku mmoja unaweza kuangusha kila kitu. Mkifika mkakuta huko juu miti imeshabaki fito, shukeni. Hewa hupata joto la nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000 unazoshuka, ndiyo maana rangi huanza juu na kuteremka polepole. Bonde la chini huenda ndiyo kwanza linawaka.

Mavazi nitapita haraka. Pamba ikilowa hukaa na maji na kukunyonya joto, kwa hiyo suruali za jinzi na fulana za pamba ziacheni kwa ajili ya jioni ndani. Vaeni sufi au vitambaa vya kukauka haraka, na koti la kuzuia mvua na upepo juu. Mtu akilowa na upepo ukampiga, mwili unaweza kupoteza joto hadi kufikia hatari hata kama kipimajoto hakijakaribia sifuri. Kwa mtoto, mimi simwogopi anayelia kwamba anasikia baridi. Namwogopa aliyekuwa analia akanyamaza, akaanza kujikwaa na kuongea kwa kukokota. Na mliyembeba mgongoni mwangalieni zaidi: ninyi mnatokwa jasho, yeye hatembei, anaganda. Soksi jozi mbili za akiba kwa kila mtoto, ndani ya mfuko wa plastiki. Hilo sihitaji kueleza nimejifunzia wapi. Tochi ya kichwani kwa kila mtu mzima, siyo simu.

Uyoga utakuwepo kila mahali na watoto watautaka. Waangalie kwa macho. Kuna ule uitwao Amanita phalloides, una kofia ya kijani kilichopauka na unaonekana wa kistaarabu kabisa, nao huua. Kuupika hakuondoi sumu, na dalili huchelewa saa 6 au zaidi, wakati huo ini limeshaanza kuharibiwa. Kama hakuna mjuzi wa kweli katika kundi lenu, hakuna uyoga wa kula siku hiyo.

Kupe nao msidhani wameondoka na kiangazi. Siku yoyote isiyo ya baridi kali wanatembea, na katika maeneo mengi wanabeba ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria na kumwingia mtu kupe akimuuma. Jioni wakagueni watoto nyuma ya magoti, kwapani, kwenye kinena, nyuma ya masikio na mstari wa nywele. Akipatikana, mshikeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja, bila mafuta wala moto.

Pia nchi nyingi hufungua msimu wa kuwinda wakati huu. Waulizeni wanaosimamia msitu kama siku hiyo kuna uwindaji, na vaeni kitu cha rangi ya chungwa kali. Mbwa pia. Na swala wa huko wako kwenye kupandana, wanavuka barabara hovyo magharibi na alfajiri, kwa hiyo anayeendesha wakati wa kurudi aende pole, hasa palipo na majani yaliyolowa juu ya lami. Yanateleza kama sabuni.

Kulala: kwa kundi lenu, pangeni kibanda chenye paa na kitanda cha mama. Hema mwishoni mwa Oktoba linawezekana, nimelala, lakini baridi inayokuamsha usiku hutoka ardhini, kwa hiyo mkeka mzuri wa kulalia una kazi kuliko blanketi la tatu juu yako. Naomba hili lisomwe na kila mtu: jiko la mkaa au la gesi lisiingie ndani ya hema wala kibanda kisicho na bomba la moshi, hata kama mkaa umebaki makaa tu. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu, mtu analala na haamki.

Na jioni itakuwa ndefu kuliko mlivyozoea, giza limeingia na chakula cha usiku bado. Watu hulalamikia hilo, mimi ndilo ninalolipenda kupita yote. Karata, hadithi, wazee wanaanza kusema mambo ambayo hawajawahi kusema mezani nyumbani. Msiwape watoto simu mapema.

Marafiki wenu waambieni saa ya kuanza kutembea, siyo saa ya kukutana, na semeni wazi kwamba hamsubiri zaidi ya nusu saa. Njiani, mwenye mwendo wa pole ndiye awe mbele. Akiwa nyuma, kila mkisimama kumsubiri ninyi mnapumzika, na akifika tu mnaondoka, kwa hiyo yeye hapumziki hata mara moja. Mtu mzima wa mwisho kwenye mstari abebe tochi na simu iliyojaa, aiweke mfuko wa ndani karibu na mwili.

Mwisho ni filimbi, moja kwa kila mtoto, ikining'inia shingoni. Ishara ya milimani ya kuomba msaada ni mipulizo 6 ndani ya dakika moja, kisha unanyamaza dakika moja, unarudia. Anayejibu hupuliza 3. Wafundisheni hivyo, na kwamba akipotea asimame hapo hapo akumbatie mti apulize. Wafundisheni mkishafika, lakini. Sisi tuliwapa asubuhi kabla ya kuingia garini.