Picha ya jino kurudiwa mara tatu: kabla ya kuilaumu mashine, tazama kichwa kilikaaje

Ndugu uliyeuliza kuhusu shangazi yako, nimeyasoma maelezo yako yote: kwamba alitoka Pangani kuja Tanga mjini kwa ajili ya gego la juu linalomuuma, akapigwa picha mara tatu kwa siku moja, akalipishwa mara mbili, na mwishowe daktari akasema bado haioni ncha ya mzizi. Unauliza kama mashine ilikuwa mbovu na kama mionzi hiyo itamdhuru. Nimefanya kazi katika chumba cha eksirei ya meno hapa Tanga kwa miaka 11, na nitakujibu kwa yale niliyoyaona, yakiwemo niliyoyaharibu mimi mwenyewe.

Mashine mbovu haichagui mtu. Huwaharibia picha wote waliopita siku hiyo. Inapokuwa mgonjwa mmoja tu ndiye anayerudiwa, mimi hutazama kwanza kichwa chake kilikaaje na filamu, kile kibapa kidogo kinachonasa picha, iliwekwaje mdomoni. Na gego la juu ndilo gumu kuliko yote. Kaakaa limejikunja kama kuba, kwa hiyo filamu ikiegemezwa hapo haisimami sambamba na jino, bali huacha pembe kati yake na jino. Kwa mbinu ya zamani, ambayo bado inatumika mahali pengi, mpigaji hukisia mstari unaoigawa pembe hiyo nusu kwa nusu, kisha huelekeza bomba linalotoa mionzi ili mionzi iupige mstari huo kwa pembe mraba. Akikosea kidogo, matokeo yake ni yaleyale ya kivuli chako ukiwa ufukweni Raskazone: jua likiwa utosini kivuli ni kifupi, na jua likilala jioni kivuli kinakuzidi urefu. Bomba likielekezwa kutoka juu mno, mizizi hufupika, na kivuli cha mfupa wa shavu huiangukia na kuifunika. Likilazwa mno, jino hurefuka mpaka ncha ya mzizi inatoka nje ya filamu. Kwa maelezo uliyotoa, nadhani shangazi alipatwa na mojawapo ya haya mawili.

Hesabu yote hiyo ya pembe inachukulia kwamba kichwa kimetulia mahali pake. Kwa meno ya juu, mstari wa kutoka tundu la sikio hadi bawa la pua unapaswa kulala sambamba na sakafu. Sasa mwambie mtu mzima «fungua mdomo» uone anavyofanya: atainua kidevu na kutazama dari, na pembe uliyoipima kwa makini inageuka kuwa pembe nyingine kabisa. Kwa meno ya chini, kinyume chake, kichwa hulazwa nyuma kidogo ili taya, likiwa limefunguka, lilale bapa.

Kipo kishikio cha plastiki ambacho mgonjwa hukiuma, chenye pete ya kulengea bomba, na kinaishika filamu katikati ya kinywa, mbali kidogo na jino lakini sambamba nalo. Kinapotumika, kukisia hupungua sana. Mahali nilipoanzia kazi tulikuwa na kimoja tu, nacho kilipaswa kutakaswa kila baada ya mgonjwa. Siku ya foleni tulirudi kwenye kumwomba mgonjwa aishike filamu kwa kidole chake. Kidole huteleza, na tena hukandamiza kona ya filamu ikapinda, na jino lililonyooka likaonekana limepotoka. Nililalamika kwa maandishi mara mbili, nikajibiwa kwamba bajeti imefungwa.

Halafu kuna kichefuchefu, ambacho watu huona aibu kukitaja. Bibi mmoja alinijia na jipu la gego, nikamwamkia, nikaiweka filamu, akaitoa. Nikaiweka tena, akaitoa tena machozi yakimlengalenga, akasema, «Mwanangu, hiki kidude kitanitapisha mbele za watu.» Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeiburuta filamu juu ya kaakaa laini kule nyuma, kisha nikamwacha nayo mdomoni huku nikirekebisha bomba. Mara ya tatu nilimaliza kwanza kila kitu cha mashine, nikampa chembe za chumvi ncha ya ulimi, nikamwambia apumue kwa pua na anyanyue mguu mmoja autazame, ndipo nikaiweka filamu kwa mkono usiositasita. Akili ilikuwa mguuni, na picha ikatoka. Muda wenyewe wa mionzi hauzidi sekunde moja. Otto Walkhoff wa Ujerumani, aliyepiga picha ya kwanza ya meno Januari 1896, alitumia dakika 25.

Huenda daktari akaamua kumpeleka kwenye picha ya taya zima, ile ambayo mashine humzunguka mgonjwa kwa sekunde zipatazo 15. Hapa kukaa vizuri ndiko kila kitu, kwa maana mashine hii huona vizuri mkanda mwembamba tu wenye upinde kama wa taya. Meno ya mbele yakisogea mbele ya mkanda huo huonekana membamba kama njiti. Yakibaki nyuma yake hutanuka na kufifia. Ndiyo maana kuna kijiti chenye mfuo, na meno ya mbele ya juu na ya chini lazima yaingie kwenye mfuo huo. Kidevu kikiinama mno, safu ya meno hujikunja kama mtumbwi. Kikiinuliwa, mtumbwi hupinduka. Kichwa kikigeuka upande, magego ya upande mmoja huonekana makubwa kuliko ya pili, na daktari asiye mwangalifu anaweza kuanza kutafuta uvimbe usiokuwepo.

Wazee wetu wengi husimama wakiwa wameinamisha shingo, na uti wa shingo uliojikunja huacha wingu jeupe katikati ya picha, juu ya meno ya mbele. Mimi humwambia mgonjwa apige hatua ndogo mbele huku akishika vishikio, na shingo hunyooka yenyewe. Kisha ulimi: ubandikwe kaakaani mpaka mashine isimame, kama anayenyonya ubuyu, la sivyo hewa iliyopo kati ya ulimi na kaakaa huacha utepe mweusi juu ya mizizi ya meno ya juu. Wengi huubandika kwa sekunde mbili, kisha husahau.

Kwa Tanga yetu, jambo jingine ni ushungi. Kitambaa chenyewe hakina shida yoyote, ila pini, vibanio vya nywele, hereni, kipini cha puani na mkufu vyote vinapaswa kutolewa, na mwanamke ana haki ya kuomba mlango ufungwe na ahudumiwe na mwanamke mwenzake akiwepo. Hereni moja huonekana mara mbili: mahali pake, na kivuli chake kikubwa, kilichofifia, upande wa pili na juu zaidi. Niliwahi kuona kivuli cha namna hiyo kikijadiliwa kwa robo saa kama ugonjwa wa mfupa.

Yapo pia makosa yasiyohusu mkao, hasa kwa wanaosafisha filamu kwa dawa. Muda uliozoeleka wa dakika 5 ni wa dawa yenye nyuzi 20 za Selsiasi, na chumba chetu cha giza mwezi wa Februari hakijui nyuzi 20. Tulikuwa tukitia barafu za mifuko kwenye maji yanayozunguka tangi, kamwe si ndani ya dawa, kwa maana dawa ikipata joto picha hutoka nyeusi tititi.

Kuhusu mionzi, mtulize shangazi. Picha moja ya jino ni maikrosiveti (kizio cha kupimia dozi ya mionzi) chache tu, ilhali wastani wa dunia wa mionzi ya asili, inayotoka ardhini, angani na katika chakula, ni kama 2,400 kwa mwaka. Hata hivyo udogo wa dozi hauhalalishi uzembe, na picha iliyorudiwa kwa kosa la mpigaji, kwa maoni yangu, hailipiwi na mgonjwa. Anapaswa kuonyeshwa ile ya kwanza na kuelezwa ina kasoro gani.

Akirudi, aombe kishikio kama kipo, na aje na kikopo chake mwenyewe cha kutilia vito. Mkebe wetu wa pini uliwahi kuchanganya hereni za wanawake wawili wa Ngamiani, na kila mmoja aliapa kwamba ile inayong'aa zaidi ni yake.